Mlima Meru si mazoezi ya Kilimanjaro: uzi maalumu wa njia ya Momella

MgongoWaTembo (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za leo.

Kiangazi kikikaribia swali huwa lilelile: "Nataka kupanda Kilimanjaro mwakani, nianze na Meru kujipima?" Majibu nayo hayachelewi: anza tu, Meru mdogo, siku tatu umemaliza. Mimi riziki yangu iko kwenye milima hii ya kaskazini. Nilianza kwa kubeba mizigo, leo naongoza vikundi. Majibu ya namna hiyo yananiuma kwa sababu waliojibiwa ndio nakutana nao huko juu. Nawakuta kambi ya juu, Saddle Hut, jioni wameinamia magoti, kichwa kinagonga, chakula hakipiti, na saa saba usiku wanatakiwa waamke waanze kupanda.

Naomba tuuongelee mlima huu kwa heshima yake. Ni wa pili kwa urefu Tanzania. Vitabu vingi vinaandika mita 4,566, upimaji wa karibuni unasema 4,562. Njia inayoruhusiwa ni moja tu, ya Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Ukisikia mtu anakuambia ana njia yake ya upande wa magharibi isiyopita getini, achana naye.

Anza na hesabu ya mwinuko, maana hapo ndipo penye ubishi wote. Geti la Momella liko kwenye mita 1,500 hivi. Usiku wa kwanza unalala kambi ya Miriakamba, mita 2,514. Usiku wa pili Saddle Hut, mita 3,570. Usiku huohuo unaamka kwenda kileleni. Kwa maana hiyo kila siku unapanda takriban mita 1,000. Ushauri wa kitabibu kwa wapanda milima ni kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku. Hapa unaruka zaidi ya 1,000 kutoka kitanda hadi kitanda. Sasa anayesema Meru ni laini kwa sababu ni mfupi anaangalia namba ya kilele peke yake, na namba zilizo katikati hazioni.

Siku ya kwanza ni nzuri na inadanganya. Kuna njia mbili za kufika Miriakamba. Ya kaskazini ni fupi na kali, inapita majani wazi ambako utaona twiga na nyati karibu kabisa. Ya kusini ni ndefu, inazunguka msituni na kupita chini ya ule mkuyu mkubwa uliofunguka katikati kiasi cha gari kupenya. Mimi huwa napendelea kupanda kwa ile ndefu na kurudi kwa ile fupi. Mwili unapanda taratibu, na mbega utawaona wengi.

Siku ya pili ni ngazi. Sehemu kubwa kati ya Miriakamba na Saddle imejengwa vipandio vya mbao na udongo, na vimo vyake havilingani na hatua ya mtu. Mnapita Topela Mbogo, halafu Mgongo wa Tembo, msitu unaisha mnaingia kwenye vichaka. Ukifika Saddle mchana, usilale. Kula, pumzika kidogo, halafu panda Meru Mdogo, mita 3,820. Ni saa moja hivi kwenda. Kupanda juu kuliko utakapolala halafu ukashuka kunausaidia mwili kuzoea. Wengi wanaruka hatua hii kwa uchovu, na saa saba usiku inawadai.

Usiku wa kilele nitauandikia peke yake hapo chini. Karibuni kwa maswali.

Kipepeo wa Usa

Asante sana mkuu kwa uzi huu. Mimi ni dada wa Usa River, mlima nauona kila asubuhi tangu utotoni na sijawahi kuukanyaga. Kwa nini ni lazima kuongozana na askari mwenye bunduki? Nimesikia Kilimanjaro hakuna kitu hicho.

MgongoWaTembo

Dada Kipepeo, karibu. Kilimanjaro unaingia msituni kwa wanyama kidogo tu, lakini Meru njia inapita nyumbani kwao. Nyati ndio wengi, tembo wapo, chui wapo. Simba hawapo kwenye hifadhi hii. Askari anakwenda nanyi hadi kileleni, na mnakwenda kwa mwendo wa kundi. Huu ndio ugumu ambao watu hawausemi: ukiwa mzito kuliko wenzako huwezi kubaki nyuma ukaja kwa wakati wako, na ukiwa mwepesi huwezi kutangulia. Kwa hiyo chagua wenzako vizuri kabla ya kuchagua tarehe.

Bunduki mara nyingi ni ya kupiga hewani kuwatisha. Kinga kubwa ni kukaa pamoja, kutopiga kelele ovyo, kumsikiliza askari akisema simama. Usiku Miriakamba usitoke kwenda chooni bila tochi. Nyati wanakuja kula majani katikati ya nyumba za kulala.

MgongoWaTembo

Sasa usiku wa kilele.

Mnaondoka kati ya saa saba na saa nane usiku. Lisaa la kwanza ni kupanda kawaida hadi Rhino Point, mita 3,800 hivi. Pale ndipo mlima unapobadilika. Badala ya kuendelea kupanda, njia inashuka kidogo kisha inakatisha kwenye mwamba ulioinama. Unatumia mikono. Gizani, tochi ya kichwa inakuonyesha hatua mbili mbele na si zaidi, na mwamba ukiwa mkavu hauna shida kwa mtu mtulivu. Ukiwa na barafu nyembamba au mvua imenyesha, ni habari nyingine. Hapo ndipo nimewahi kugeuza kundi zima na sikujuta.

Baada ya mwamba unashika ukingo wa kreta, yaani shimo la volkano. Kushoto kwako ni ukuta unaoshuka kwa kiasi cha mita 1,500 hadi chini kwenye sakafu ya kreta, kulia ni mteremko wa majivu na changarawe. Njia yenyewe si finyu kiasi cha kutisha, ila inapanda na kushuka mara nyingi. Unapanda kilima unadhani umefika, unashuka tena. Miguu inachoka kwa kuchezewa namna hiyo kuliko kwa mwinuko wenyewe. Majivu nayo yanakurudisha nyuma kila hatua. Cobra Point ni mita 4,350 hivi, na kutoka pale hadi kileleni mwinuko ni mkali, miamba mitupu, alama za rangi ya kijani zinakuongoza. Hewa pale juu ina mgandamizo unaozidi kidogo tu nusu ya ule wa pwani, Tanga au Dar. Hatua tatu, pumzi. Hatua tatu, pumzi.

Kukipambazuka utaona umekwenda wapi. Ile koni ya majivu iliyosimama katikati ya kreta iko chini yako kabisa. Mlima huu zamani ulikuwa mrefu zaidi. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wa mashariki uliporomoka wote, kifusi kikasambaa hadi kule kwenye maziwa ya Momella, na ndiyo maana kreta imekaa kama kiatu cha farasi. Volkano yenyewe bado hai kwa maana ya wataalamu. Ilifukuta kidogo mara ya mwisho mwaka 1910. Mashariki, karibu kilomita 70, jua linatokea upande wa Kilimanjaro. Kwa mimi hakuna mahali pengine pa kuutazama Kilimanjaro panapozidi pale.

Halafu kushuka. Hapa naomba mnisikilize. Ukichukua safari ya siku tatu, siku ya kilele unashuka kutoka 4,566 hadi Momella 1,500. Mita 3,000 za kushuka kwa siku moja, baada ya kuamka usiku wa manane, juu ya zile ngazi zisizolingana. Ukichukua siku nne, unashuka hadi Miriakamba unalala, kesho yake unamaliza. Gharama inaongezeka kwa usiku mmoja. Magoti yako hayanunuliki.

Msafiri Kimya

Mkuu heshima yako, ila nitofautiane na wewe kidogo. Mimi nimeupanda kwa siku tatu na wenzangu wawili, wote tunacheza mpira kila wiki, tulifika tukashuka salama. Nadhani unawatisha watu wenye afya nzuri. Kuna Watanzania wengi hawana uwezo wa kulipia siku ya ziada na ukisema hivi watakata tamaa kabisa.

MgongoWaTembo

Ndugu Msafiri, hongera sana, na hoja ya gharama ni ya kweli, sitaikwepa. Lakini afya ya mpira na kuzoea mwinuko havina undugu. Vijana wenye mapafu ya farasi ndio huumwa mara nyingi, kwa sababu wanaweza kukimbia hivyo wanakimbia. Aliyechoka upesi anakwenda polepole na mwili wake unapata nafasi.

Kuhusu pesa: raia wa Afrika Mashariki wanalipa viingilio kwa shilingi na kwa kiwango cha chini sana kuliko wageni wa nje. Viwango vinabadilika, kwa hiyo uliza TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, moja kwa moja, usitegemee bei za mtandaoni za miaka iliyopita. Kinachopandisha gharama ni usafiri, chakula na watu wa kuwahudumia, na hivyo mkigawana watu sita au wanane vinashuka sana. Kusanyeni kundi kwanza. Na tafadhali msipunguze gharama kwa kumbana mpagazi. Mtu akikuahidi bei ambayo huelewi imewezekanaje, jua kuna kijana anapanda na raba zilizotoboka na analala bila kushiba. Uliza kabla ya kulipa: wapagazi wanalipwa lini, wanakula mara ngapi, wana makoti? Anayefanya kazi kwa haki atakujibu bila kukasirika.

Daktari wa Zamu

Niongezee upande wa tiba, maana swali la kuumwa mwinuko linaulizwa vibaya mara nyingi.

Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, uchovu usio wa kawaida na usingizi wa kushtuka. Kichwa kuuma kidogo Saddle Hut ni jambo la kawaida. Kunywa maji, kula, pumzika, pima tena. Kikikataa kuondoka, au ukianza kutapika, hupandi zaidi. Hakuna mjadala hapo.

Dalili mbili za kukimbia nazo chini usiku huohuo. Ya kwanza ni mtu kupepesuka. Mwambie atembee kwenye mstari mnyoofu, kisigino mbele ya kidole, kama polisi anavyompima mlevi. Akishindwa, ubongo wake umeanza kuvimba. Ya pili ni kukosa pumzi akiwa amekaa, na kikohozi chenye povu. Hayo ni maji kwenye mapafu. Yote mawili yanaua, na dawa ya kwanza kwa yote mawili ni kushuka. Msisubiri asubuhi.

Dawa iitwayo asetazolamidi inasaidia mwili kuzoea haraka, na inaanzwa siku moja kabla ya kupanda. Lakini haimpi mtu ruhusa ya kuendelea akiwa na dalili. Mwenye mzio wa dawa za salfa, mjamzito, mwenye shida ya figo, aende akamwone daktari wake ana kwa ana. Dawa za usingizi na pombe viacheni nyumbani, vinapunguza upumuaji usiku.

Kirinyaga_Boy

Salamu kutoka Nyeri. Nimesoma yote na naona sisi huku tuna hadithi ileile. Kwenye Mlima Kenya, njia ya Naro Moru ndiyo fupi zaidi kwenda kilele cha Point Lenana, mita 4,985, na ndiyo inawaangusha watu wengi ninaowajua. Unalala Met Station, karibu mita 3,050, kesho yake unafika kambi ya Mackinder's mita 4,200. Huo mruko ni kama wenu wa Miriakamba kwenda Saddle, tena juu zaidi. Katikati kuna ule mteremko mkali wa matope, unatumbukia hadi magotini kwa masaa. Watu wanafika kambini wameloa na wamechoka, halafu usiku baridi inawamaliza.

Sasa wengi tunapanda kwa njia ya Sirimon, tunalala kambi ya Old Moses mita 3,300 halafu Shipton's 4,200, na wenye hekima wanaongeza siku ya kuzoea. Njia ya Chogoria ndiyo nzuri kwa macho. Nauliza: kwenye Meru mtu anaweza kulala usiku wa ziada Saddle?

MgongoWaTembo

Ndugu yangu wa Nyeri, karibu sana upande huu. Ndiyo, inawezekana, ila iwekwe kwenye mpango mapema ili vitanda na askari vipangwe. Kama una siku moja tu ya kuongeza, mimi naiweka Miriakamba badala ya Saddle. Unalala vizuri mita 2,500, mchana mnatembea polepole ndani ya kreta hadi karibu na koni ya majivu, mnarudi kulala. Mwili unazoea huku usingizi unapata. Saddle ni baridi na upepo, kulala pale mara mbili kunachosha watu wengi.

Mwana wa Nkoaranga

Mimi ni Mmeru, nimezaliwa kwenye ubavu wa kusini wa mlima. Naomba niwaombeeni jambo moja mnaopanda. Mkifika Rhino Point kukiwa kumekucha, mnaporudi, simameni mtazame kaskazini mashariki. Zile tambarare kavu chini ni Ngarenanyuki. Novemba 1951 wazee wetu waliondolewa pale kwa nguvu, nyumba zikachomwa, ardhi ikapewa walowezi. Mwaka 1952 msemaji wetu Kirilo Japhet akasafiri hadi New York kusimama mbele ya Umoja wa Mataifa na kuwaeleza. Mgeni anapita getini Momella, anapiga picha twiga, na hajui amekanyaga kando ya ardhi gani. Viongozi wa milima, tafadhali wasimulieni wageni. Ni sehemu ya mlima kama ulivyo ule mkuyu.

Na maji. Mito inayotoka juu ndiyo tunayomwagilia migomba na kahawa huku chini, na Arusha mjini wanakunywa. Karatasi za choo na betri mnazoacha vichakani zinatushukia.

MgongoWaTembo

Ahsante sana kaka. Hilo la Ngarenanyuki nimekuwa nikilisimulia kwa kifupi mno, na nitalipa muda wake. Kuhusu taka, kwenye vikundi vyangu kila mtu ana mfuko wake na tunaukagua getini kabla ya kuagana.

Kipepeo wa Usa

Nimeshawishika, tumeshafika wanne. Naomba orodha ya vitu vya lazima. Tuna mabegi ya shule tu na raba.

MgongoWaTembo

Dada, msitumie hela nyingi. Buti ndizo za kuangalia: zifunike kifundo cha mguu, ziwe zimevaliwa wiki kadhaa kabla, na ziache nafasi ya kidole mbele, la sivyo kucha zitaondoka wakati wa kushuka. Mitumba ya Arusha ina makoti mazuri ya baridi na ya mvua, tafuta kwa subira. Nguo za ndani zisiwe za pamba, zikiloa jasho hazikauki, na pale kileleni kabla ya jua ni chini ya sifuri. Glavu pea mbili. Kofia ya kufunika masikio. Tochi ya kichwa na betri mpya, betri za akiba zikae mfukoni karibu na mwili maana baridi inazimaliza. Stiki za kutembelea mnaweza kukodi, na zichukueni hata kama mnajisikia wazima, ni za kurudi. Mkifika kwenye mwamba wa Rhino Point zifungeni kwenye begi mpate mikono. Maji lita tatu kwa kila mtu usiku wa kilele, kwenye chupa. Mirija ya kunyonyea inaganda.

Miwani ya jua na mafuta ya kukinga ngozi. Wengi wanadhani ngozi yetu haiungui. Inaungua.

Kipepeo wa Usa

Na mwezi gani? Mama yangu ana miaka 58, anatembea sana shambani, anataka kuja nasi. Magoti yake yanalalamika kidogo.

MgongoWaTembo

Juni hadi Oktoba ni kukavu, Julai na Agosti baridi kali. Desemba mwishoni hadi Februari pia ni kuzuri, joto kidogo, na alfajiri mara nyingi anga safi. Machi hadi Mei msijaribu, ule mwamba na zile ngazi vikiloa vinateleza vibaya.

Mama aje, shikamoo yake. Mpangeni siku tano, siku ya ziada Miriakamba kama nilivyosema. Akifika Saddle apande Meru Mdogo na nyinyi, ule ni mlima wa mita 3,820 na mandhari yake ya kreta ni ya kweli. Usiku wa kilele abaki alale, na hili mliamue nyumbani kabla ya kuondoka. Mkiliacha mpaka saa saba usiku, hakuna mtoto atakayethubutu kumwambia mama abaki. Mwekeni kiongozi msaidizi wa kubaki naye. Magoti aanze kuyafanyia mazoezi sasa: kupanda ngazi na kushuka, hasa kushuka, mara tatu kwa wiki, polepole. Wiki sita zinatosha kuona tofauti. Yakivimba baada ya mazoezi, ampitie daktari kwanza ndipo mlipie.